Kiangazi cha waandishi huru: Ni msimu wa kupita au ukame wa kudumu?

KILA mwaka ifikapo katikati ya Mei, maelfu ya vijana wa Kenya wanaojikimu kwa kuandika kupitia mtandao huanza kuona kazi zikipungua. Vyuo vikuu vya Marekani huwa vimefunga muhula, wanafunzi wamerudi makwao, na pamoja nao hutoweka insha, ripoti na mazoezi ambayo vijana wa Roysambu, Juja, Nakuru na Eldoret huwa wamekesha wakiyaandika tangu Januari.

Hali hiyo hudumu hadi mwishoni mwa Agosti, vyuo vinapofunguliwa. Hurejea tena, kwa kipindi kifupi zaidi lakini kwa makali zaidi, kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Januari. Wanaoifanya kazi hiyo wameizoea kama mkulima alivyozoea kiangazi: hulalamika, hukaza mkanda, kisha husubiri mvua.

Tatizo ni kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2022 mvua haijanyesha kama ilivyozoeleka. Mwandishi anayekaa bila kazi mwezi Juni hana tena hakika iwapo anapitia msimu wa kawaida au anashuhudia soko lake likifa. Kwa macho tu, mambo hayo mawili hayatofautiani. Tiba zake, hata hivyo, ni tofauti kabisa, na atakayeikosea atalipa gharama kubwa.

Kalenda ya watu wengine

Ili kuelewa kiangazi hicho, ni muhimu kukumbuka jinsi kazi yenyewe ilivyoanza. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari, zikiwemo TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa na kuanza kutoa huduma. Intaneti ambayo hadi wakati huo ilitegemea setilaiti kwa gharama kubwa ikawa nafuu na yenye kasi. Vijana waliohitimu vyuo vikuu wakiwa na Kiingereza safi, tarakilishi na muda mwingi, lakini bila ajira, wakagundua kwamba wanaweza kuandika kwa malipo ya dola bila kuondoka chumbani.

Kazi zenyewe zilikuwa za namna nyingi. Wapo walioandika makala za tovuti za biashara, maelezo ya bidhaa na vitabu kwa niaba ya watu wengine. Lakini sehemu kubwa ilikuwa, na imebaki kuwa, kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi za masomo. Filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, iliuonyesha ulimwengu huo kwa watazamaji wengi waliokuwa hawaujui.

Anayeifanya kazi hii huishi Kenya kwa mwili, lakini kwa saa na kalenda huishi kwingine. Kazi inayotakiwa saa sita usiku mjini New York hutakiwa Nairobi saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea iwapo Wamarekani wamebadilisha saa zao. Hivyo basi usiku wa Juja ndio mchana wa kazi, na Novemba, mwezi wa mitihani na kazi za mwisho wa muhula, ndio mwezi wa mavuno.

Jambo moja hujitokeza hapo. Kiangazi cha mwandishi hakiletwi na mbingu. Kimeandikwa katika kalenda za vyuo na kampuni ambazo hutangazwa mwaka mmoja au zaidi kabla. Muhula wa vuli wa Marekani huanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika katikati ya Desemba. Ule wa pili huanza Januari na kumalizika mwanzoni mwa Mei. Hakuna mkulima aliyewahi kupewa tarehe za mvua kwa uhakika kama huo. Ni ajabu basi kwamba kila Juni wapo wanaoshtuka.

Januari na karo

Mshtuko huo una sababu zake. Kalenda inayoleta fedha haipatani hata kidogo na ile inayozidai.

Mfano ulio wazi zaidi ni Januari. Kwa miaka mingi mwongozo wa Wizara ya Elimu umekuwa kwamba karo ya shule za sekondari igawanywe kwa uwiano wa 50:30:20 katika mihula mitatu. Nusu ya karo ya mwaka, kwa hiyo, hudaiwa Januari, mwezi uleule ambao vyuo vya Marekani viko likizoni au vimefunguliwa tu na walimu hawajaanza kutoa kazi nzito. Mwandishi aliye na mtoto, au mdogo wake, katika shule ya bweni hukabiliwa na mzigo mkubwa kuliko yote akiwa na mfuko mwepesi kuliko wakati wowote.

Kabla ya hapo huwa amepitia Desemba. Malipo ya Novemba ndiyo hufika wakati wa nauli za kwenda mashambani kupandishwa na jamaa kukusanyika. Kijana anayejulikana kijijini kuwa "anafanya kazi na Wazungu kwenye kompyuta" hutarajiwa kununua mbuzi na kuchangia matanga, harusi na hospitali. Hakuna kati ya mambo hayo lililo ovu. Lakini jamaa huona fedha za Novemba tu. Hawaoni kwamba ndizo zinazopaswa kulisha Januari.

Nao mwenye nyumba wa Kahawa Wendani hana habari na mihula ya Ohio. Kodi yake hudaiwa mwanzoni mwa kila mwezi, miezi yote kumi na miwili.

Wanaoandikia vyombo vya habari vya nchini hawako mbali na hali hiyo. Mwandishi anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa hutegemea idadi ya kurasa, na kurasa hutegemea matangazo ya biashara, ambayo hupungua baada ya shamrashamra za Krismasi. Anayeyaandikia mashirika ripoti hutegemea miaka ya fedha: wa Serikali ya Kenya humalizika Juni 30, wa Serikali ya Marekani Septemba 30, na wa kampuni nyingi Desemba 31. Kila mmoja ana mavuno yake na njaa yake.

Mambo matatu yanayofanana

Kama kungekuwa na msimu pekee, ushauri wa kuweka akiba ungetosha. Lakini mfuko wa mwandishi unaweza kuwa mtupu kwa sababu tatu tofauti, na kuzichanganya ndilo kosa kubwa la wakati huu.

Sababu ya kwanza ni msimu wenyewe, ambao hurejea na kuondoka.

Sababu ya pili ni soko kusinyaa. Novemba 30, 2022 kampuni ya OpenAI iliitoa ChatGPT kwa umma. Mwanafunzi aliyekuwa akilipa dola kadhaa kwa kila ukurasa akapata mashine ya akili unde inayomwandikia kwa dakika chache bila malipo. Athari zake zilionekana hadharani Mei 2023, pale Chegg, kampuni ya Marekani inayowauzia wanafunzi msaada wa masomo, ilipokiri kwamba ChatGPT inapunguza ongezeko la wateja wapya. Bei ya hisa zake ilishuka kwa karibu nusu kwa siku moja.

Kwa mwandishi wa Kenya, uovu wa mambo ulikuwa katika wakati. Pigo liliingia Desemba, mwezi ambao kazi hupungua kila mwaka. Aliyeona utulivu wa Januari 2023 alikuwa na kila sababu ya kuuona wa kawaida. Aliyeona utulivu wa Juni mwaka huo vilevile. Msimu uliuficha mwenendo, na wengi walisubiri miezi, hata miaka, kwa imani kwamba Septemba itawarejeshea walichopoteza.

Sheria nazo zilikuwa zimeanza kubana kabla ya hapo. Ireland ilipitisha sheria dhidi ya biashara ya kuwaandikia wanafunzi mwaka 2019, Australia ikafuata mwaka 2020, na Uingereza ikaifanya kuwa kosa la jinai kwa upande wa England mwaka 2022. Sheria hizo huwalenga wanaouza na kutangaza huduma, na msingi wake si vigumu kuuelewa: cheti anachopewa mtu kwa kazi aliyoandikiwa na mwingine ni udanganyifu, na anayeumia mwishowe ni mgonjwa atakayetibiwa na muuguzi aliyenunua insha zake. Ukweli kwamba mwandishi ni maskini na mnunuzi ni tajiri haubadilishi jambo hilo, ingawa unaeleza kwa nini biashara ilistawi.

Kuna pigo jingine lililowafikia wasiowahi kumwandikia mwanafunzi yeyote. Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, na Julai 1, 2025 shirika la USAID likakoma kutekeleza miradi yake. Waandishi wa Nairobi waliokuwa wakiyatayarishia mashirika ya misaada ripoti, majarida na simulizi za miradi walipoteza wateja. Hata hapo, aliyezoea kwamba Januari huwa baridi angeweza kwa majuma kadhaa kudhani kwamba mambo ni yaleyale.

Sababu ya tatu husahaulika kabisa: thamani ya shilingi. Januari 2024 dola moja ilikaribia Sh160. Kufikia nusu ya pili ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Mwandishi aliyepata dola 500 kwa mwezi katika nyakati zote mbili alifanya kazi ileile, kwa wateja walewale, lakini Sh80,000 zake zikawa Sh65,000. Hakupoteza kazi hata moja, wala hakukuwa na msimu. Alichopoteza ni thamani, na aliyetazama shilingi peke yake alidhani wateja wamemkimbia.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwandishi huru, methali hiyo ni chombo cha kazi, kwa kuwa daftari ndilo pekee linaloweza kuzitenganisha sababu hizo tatu.

Kanuni yake ni rahisi: Juni hailinganishwi na Mei. Hulinganishwa na Juni ya mwaka uliotangulia na ile ya kabla yake. Anayelinganisha Juni na Mei kila mwaka ataona anguko, na kila mwaka litamtia hofu isiyo na maana. Anayelinganisha Juni na Juni akaona tofauti ndogo, ajue ni msimu. Akione kiangazi na kustahimili. Akiona kwamba Juni hii ni nusu ya iliyopita, na kwamba Novemba iliyotangulia pia ilikuwa nusu ya Novemba ya kabla yake, basi mambo si msimu tena. Hesabu hiyo ifanywe kwa dola na kwa idadi ya kurasa, ndipo ifanywe kwa shilingi, ili mabadiliko ya sarafu yasimpotoshe.

Novemba ndiyo hakimu wa kweli kuliko Juni. Kila mtu hukosa kazi wakati wa kiangazi. Anayekosa kazi wakati wa mavuno ndiye aliyepata jibu lake.

Iwapo jibu ni msimu, hesabu ya kuukabili haina uchawi. Tuseme mwandishi hupata Sh70,000 kwa mwezi katika miezi minane mizuri na Sh20,000 katika miezi minne ya ukavu. Kwa mwaka mzima amepata Sh640,000, yaani takribani Sh53,300 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wake halisi, na Sh70,000 ni picha tu ya mwezi mmoja. Akijilipa Sh53,300 kila mwezi na kuweka kando Sh16,700 katika kila mwezi mzuri, miezi minne mibaya itakuwa imelipiwa kabla haijafika.

Ugumu hauko katika hesabu. Uko katika kuishi mwezi wa Sh70,000 kama mtu wa Sh53,300, huku wenzake wakihamia nyumba kubwa zaidi na jamaa wakipiga simu. Ndiyo maana wanaofaulu huitoa akiba hiyo mahali inapoonekana: kwenye chama cha akiba na mikopo, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja inayodhibitiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, au kwenye akaunti isiyofunguka kwa kubonyeza simu. Wengine huilipa karo ya Januari mapema Novemba, kwa sababu fedha iliyokwisha kulipwa shuleni haiombwi na mtu.

Asiyefanya hivyo hufunikwa na mkopo. M-Shwari ilipoanzishwa mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na mikopo mingi ya simu iliyofuata ilitoza zaidi. Vyama vya akiba na mikopo kwa kawaida hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio. Kukopa kwa simu Juni ili kulipa kodi ya nyumba, kisha kukopa Julai ili kulipa deni la Juni, ni kuanza mavuno ya Septemba ukiwa tayari umeyauza. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni kwamba chama humtaka mwanachama awe ameweka hisa zake mapema. Msaada wa kiangazi hutayarishwa masika.

Kupanda mazao tofauti

Mkulima mwenye busara hapandi mahindi peke yake. Mwandishi naye anaweza kuchagua kalenda zinazopishana.

Vyuo vya Australia, vilivyo kusini mwa dunia, huendelea na masomo Juni na Agosti wakati vya Marekani vimefunga. Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili nchini Uingereza hukabidhi tasnifu zao kati ya Agosti na Septemba, na kazi halali ya kuhariri lugha ya tasnifu, kwa idhini ya chuo, huongezeka wakati huo. Kampuni ambazo mwaka wake wa fedha humalizika Desemba huandaa ripoti za mwaka kati ya Januari na Aprili, ndani ya kipindi kilekile ambacho karo hudaiwa. Safaricom, ambayo mwaka wake humalizika Machi, hutangaza matokeo Mei. Mashirika na serikali za kaunti hukimbilia kukamilisha matumizi kabla ya Juni 30.

Kuna pia kazi ambayo haina msimu wa Wamarekani hata kidogo: tafsiri ya Kiswahili, manukuu ya filamu, miswada ya redio na vitabu vya shule. Malipo yake mara nyingi ni madogo na huchelewa, jambo ambalo wachapishaji na watayarishaji wa vipindi wanapaswa kulionea aibu. Lakini hujaza miezi mitupu, na mwandishi huweka jina lake juu yake. Aliyeandika insha elfu moja kwa majina ya watu wengine hana hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mwajiri.

Kwa anayeona kwamba tatizo lake ni ukame wa kudumu, miezi ya Juni na Julai ndiyo nafasi yake ya kuhama. Akisubiri Septemba impe ishara, Septemba itampa kazi chache, zinazotosha kumzuia asiondoke na zisizotosha kumlisha.

Wajibu wa Serikali

Si haki, hata hivyo, kuuweka mzigo wote juu ya mtu mmoja na daftari lake. Serikali ya Kenya imewahimiza vijana kwa miaka mingi waingie katika kazi za mtandaoni. Mpango wa Ajira Digital ulizinduliwa mwaka 2016 kwa lengo hilohilo. Walioitikia wito walifundishwa jinsi ya kupata kazi. Mfumo wa kuwalinda zinapokosekana ulibaki wa watu wenye mshahara wa kila mwezi.

Bima ya afya ni kielelezo. Tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa kuajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi na mwajiri wake. Asiye na mshahara hukadiriwa kiwango kwa maswali kuhusu hali ya kaya yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mtu mwenye mapato yanayoyumba kuliko wote ndiye anayetakiwa kuwa na donge la fedha. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ulioletwa baadaye, ni kukiri kwamba utaratibu huo haukuwazingatia, na bado humfanya aliye nje ya ajira kuwa mkopaji wa bima yake mwenyewe.

Kwa upande wa uzeeni, NSSF ilibuni mpango wa Haba Haba unaomruhusu mtu kuchangia kuanzia Sh25 kwa siku. Wazo hilo ni jema kwa kuwa linakubali kwamba mapato si ya mwezi. Linastahili kupanuliwa, ili mchangiaji aweze kutoa nyingi Novemba na kutotoa chochote Julai bila kuonekana mtoro.

Kodi nayo haina kiangazi. Wateja wa nchini hukata asilimia 5 ya ada za kitaaluma zinazofika Sh24,000 kwa mwezi na kuiwasilisha kwa mamlaka ya kodi, na Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Makato hayo huhesabiwa kuwa sehemu ya kodi ya mwaka kwa anayewasilisha taarifa zake kabla ya Juni 30. Asiyewasilisha, kwa kutojua au kwa hofu, huziacha fedha zake hukohuko, katikati ya miezi anayozihitaji zaidi.

Waandishi huru wa Kenya wameishi muda mrefu kwa kalenda za watu wasiowajua, na wengi wamesomesha wadogo zao na kuwajengea wazazi nyumba kwa njia hiyo. Walichokuwa na uhakika nacho, hata katika miezi mibaya, ni kwamba Agosti itapita. Uhakika huo sasa umetoweka kwa baadhi yao, na hakuna atakayewaambia tarehe ulipotoweka. Ukweli wanaoutafuta umo ndani ya rekodi zao wenyewe za Novemba tatu au nne zilizopita, kwa yeyote aliyezihifadhi.